Mlima Uliokuwa Kisimani

Ruwaida alizungusha pamba yenye unyevu juu ya kioo, akianzia katikati kwenda pembeni kama alivyojifundisha mwenyewe, na kila mara aliiinua atazame uchafu ulioshika. Ukungu wa miaka mingi ulitoka shingo upande. Chini yake ilijitokeza ngazi ya msikiti, kisha ukingo wa kisima, kisha giza lenye mikunjo ya upepo.

Giza hilo lilimsimamisha mkono. Katika vioo ambavyo marehemu babu yake, mpiga picha wa kwanza wa mji huo, alinasia picha zake, kila kitu kilikuwa kinyume. Kivuli kilikuwa cheupe, na mchanga uliong'aa mchana kama chumvi ulikuwa mweusi kama makaa. Alikwisha kuzoea kuvisoma hivyo. Kioo baada ya kioo alikuwa ameuona mji ukikua, kutoka nyumba chache za mawe na vibanda vya makuti, na nyuma yake milima ya mchanga. Wageni huiita vilima. Wenyeji huiita milima, maana hawana mingine.

Aliinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Weusi ulianzia pale pale kisimani. Akageuza uso taratibu, akatazama nje. Kisima kilikuwa mbele ya mlango wao, na ng'ambo yake ngazi ya msikiti. Hivyo havikuhama. Uliohama ni mlima. Upepo na wachota mchanga walikuwa wameusukuma nyuma mwaka hadi mwaka, na mahali ulipokuwa umelala sasa palikuwa na jiko, sebule, na kitanda anachokilalia yeye.

Hakuna mtu wa mji huo asiyejua kwamba mlima ni wakfu. Maji matamu hukaa chini ya mchanga ule, na wazee waliuweka kwa ajili ya Mungu ili asijenge mtu juu yake. Tangu chuo cha Kurani watoto walifundishwa kuogopa mali ya wakfu kuliko nyoka. Dawud, mdogo wake, alijenga nyumba hii kwenye uwanda mtupu kwa nia safi, na hakuna aliyemwambia neno.

Sasa kampuni moja ilitaka kujenga hoteli juu kidogo ya hapo, na ilidai kwamba uwanda huo haujawahi kuwa mlima. Kesho kutwa kamati ya visima ingekwenda kupinga mbele ya maofisa kule Mokowe, na haikuwa na ushahidi ila picha alizoahidi Ruwaida. Aliahidi kwa furaha.

"Wifi, leo utatulisha pamba?" Umi, mke wa Dawud, alisimama mlangoni na sinia la mikate ya mofa. "Meza imekuwa hospitali."

"Nipe kitambo."

"Kitambo chako nakijua. Mikate itakuwa mawe." Akacheka, kisha akauona uso wake. "Una nini? Umeona jini?"

Ruwaida hakujua kuficha. Alimwonyesha, na Umi akamwita mumewe. Dawud alikitazama kioo, akatazama dirishani, akarudi kwenye kioo.

"Nani mwingine amekiona?"

"Sisi watatu."

"Vioo huvunjika, dada," alisema kwa upole. Upole huo ulimtisha Ruwaida kuliko kelele.

"Kikivunjika, hoteli itachimba msingi ndani ya maji tunayokunywa."

"Na kisipovunjika, wanangu walale wapi? Kisimani?"

Simu iliita. Alikuwa Bwana Shuaib, mwenyekiti wa kamati.

"Bi Ruwaida, masalkheri. Kile kioo cha kisimani, umekipata?"

Dawud alitikisa kichwa, kidogo tu. Ruwaida angeweza kusema kimeliwa na ukungu. Vingi vililiwa, wala hakuna ambaye angemuuliza. Alimwogopa ndugu yake. Aliogopa watoto kutolewa nje, na vidole vya watu msikitini. Lakini chini ya hofu hizo palikuwa na nyingine nzito zaidi, ya kulala kila usiku juu ya kitu kisicho chake, naye anajua.

"Nimekipata," alisema. "Lakini nyumba yetu pia imo, Bwana Shuaib. Imo ndani ya mlima."

"Lahaula," mzee alisema. "Una yakini?"

"Ninayo."

"Basi kesho kilete tukitazame sote. Usikibebe pekeyo. Ndia ya kuja huku si njema siku hizi."

Umi alichukua sinia lake, akatoka. Dawud alikiinua kioo kwa kiganja kizima, isivyofaa kushikwa kioo, akakielekeza dirishani.

"Tupo wapi hapa?"

"Hapo penye mikunjo." Alitaka kumwambia akishike kingoni. Aliacha.

Adhana ya magharibi ilipoanza, Dawud alikilaza mezani. "Pembe hii bado chafu."

"Hiyo nitaimaliza kesho."

"Kesho," alisema Dawud, na dadake hakuweza kujua kama amekubali au amecheka. Akatoka kwenda msikitini.

Sanduku la vioo lilikuwa na kufuli. Ruwaida aliushika ufunguo, akaufikiria, akaurudisha mfukoni bila kufunga kitu. Alikifunika kioo kwa kitambaa, akaacha pamba na kikombe cha maji kando yake, akaenda kutawadha.

Alichelewa kuswali. Alipokuwa amesujudu, alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na hatua za miguu mitupu za ndugu yake zikija hadi karibu na meza, zikasimama.

Hakuikata sala.