Turubai la Bwawa na Wenyewe wa Maji

Ghizlane, mhandisi wa bwawa la kuogelea la mtaa, alikitoa kipimajoto majini akakikodolea macho kana kwamba kimemtukana.

"Ishirini na tatu tena! Jana jioni niliacha ishirini na nane, Lalla Itto. Joto linakwenda wapi?"

Moyo ulimlipuka Lalla Itto. Miaka thelathini alisugua migongo ya wanawake hamamuni mpaka nyonga zikakataa kazi. Humu bwawani tu, Alhamisi asubuhi, zamu ya wanawake, ndimo alimotembea bila kuuma meno. Na baraza la mji lilikwisha sema: maji yasipofika ishirini na saba Alhamisi hii, kwa joto la jua peke yake, bwawa linafungwa mpaka theluji iishe.

Si kwamba Ghizlane alilipua kazi. Mabomba meusi ya kupashia maji yalijaa juu ya paa, madirisha yalikuwa ya vioo viwili viwili, na ujia wa kuingilia ulipindishwa kama wa hamamu ili upepo wa mlimani upotee njia. Kila jioni wanawake hao wawili walitandaza turubai zito juu ya maji, maana usiku ndipo joto linapotoroka.

Jumatano Itto aliwahi kufika, jua ndiyo kwanza linachomoza. Akamkuta Ba Haddou, mlinzi, amepiga magoti, anahema, analirudisha turubai. Nusu ya bwawa ilikuwa wazi, inafuka mvuke.

"Haddou we! Kumbe mwizi wa joto ni wewe?"

"Mwizi nani? Mche Mungu, Lalla! Mnayafunika maji gubigubi kama maiti, wenyewe wapumulie wapi? Nilianza na pembe tu. Nikasikia wanagugumia, nikafunua nusu."

"Linalogugumia ni bomba, mjinga wewe!"

"Lako hilo bomba. Wewe unalala kwako na blanketi, mimi ndiye ninayelala nao hapa."

Itto alikasirika kwelikweli, lakini kicheko kilimwasha kooni. Yeye mwenyewe hajapata kumwaga maji ya moto mferejini bila kusema bismillahi, asije akawaunguza majini wakaao humo, angemcheka nani? Na akimsema kwa Ghizlane, mzee atakosa kazi.

"Sikiliza. Hamamuni tulikuwa tunawaachia ndoo. Moja tu, karibu na mfereji, haifunikwi. Miaka thelathini, hakuna aliyenung'unika."

Haddou akakuna ndevu. "Ya moto?"

"Ya moto. Na maji ya waridi kidogo."

"Haya. Wakikasirika nawaelekeza kwako. Nyumba ya tatu baada ya msikiti."

Alhamisi kipimajoto kilisoma ishirini na saba na nusu. Ghizlane alipiga kigelegele, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye ndoo inayonukia waridi.

"Hii nini?"

Itto alikwisha zama mpaka kifuani, nyonga zimelegea, uso unamng'aa. "Ni sehemu ya mtambo, binti yangu. Usiiguse."

Ghizlane alimtazama, akaitazama ndoo. Alizaliwa Midelt, mji huuhuu, na habari za wenyewe wa maji alizijua tangu utotoni. Akachukua orodha ya vifaa ya baraza, na chini ya vioo na turubai akaandika: ndoo moja. Kisha akatia kidole, akaona maji yamepoa.

"Bismillahi," akasema taratibu, akaenda kuwabadilishia.