Pista Mbichi za Mama Naeem

Nyaboke alipolifungua lile boksi jikoni, alidhani vilivyomo vimeharibika. Vilikuwa vitunda vidogo vya rangi ya waridi, vyenye madoa ya manjano, laini kama ngozi ya zabibu.

"Mama Naeem, hivi Naeem amekuletea nini?"

"Pista," alijibu Rehmat, naye mwenyewe hakuonekana kuamini.

Nyaboke alishangaa. Kwa mwaka mzima sasa alikuwa akipanda ghorofa hii ya Thorncliffe Park, huku ughaibuni, siku tatu kwa wiki kumsaidia bibi huyu wa miaka sabini na miwili, na alijua sifa zake. Enzi akiishi huko, Dodoma nzima ilizijua barfi za Rehmat, vile vitamu vya maziwa na sukari. Arusi ya Waismaili haikuisha bila sahani zake, na juu ya kila kipande kulikuwa na kokwa za pista zilizokatwakatwa nyembamba kama kucha ya mtoto mchanga.

"Mimi nimezijua zikiwa kavu, za kwenye mkebe," Rehmat alisema. "Mbichi sijapata kuziona."

Akachukua moja, akaibinya. Ganda la nje likabanduka lenyewe, vidole vikanuka utomvu. Ndani, gome jeupe lilikuwa limeachama kidogo. Akalipasua kwa ukucha. Kokwa ilitoka imevaa utando wa zambarau, na chini ya utando, kijani kibichi. Aliitia mdomoni, akafumba macho.

Nyaboke alingoja.

"Miaka arobaini," Rehmat alisema taratibu, "niliwalisha watu pista zilizokwisha kuzeeka. Na wakanisifu!" Akacheka mpaka akashika meza.

Nyaboke naye akaonja. Ilikuwa tamu kwa mbali, teketeke, kama njegere changa.

"Kwetu Kisii, karanga zikitoka shambani tunazichemsha na maganda yake, kwa chumvi," alisema, kisha akajuta. Nani amfundishe fundi?

Lakini Rehmat alikuwa tayari amemsogezea sufuria. "Nionyeshe, binti yangu. Chumvi kiasi gani?"

Nyaboke akapima kwa kiganja, na Rehmat, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kugusa chumvi yake, akasimama kando kama mwanafunzi, akiuliza maji yafike wapi na moto uweje. Nyaboke alimtazama, akaona fahari kumjua mtu aliyebobea namna ile na bado ana njaa ya kujifunza.

Walichemsha nusu, wakazila za moto, wakipuliza vidole vilivyotota maji ya chumvi. Rehmat alizisifu, akatamka kwamba nusu nyingine iliwe mbichi. Ikaliwa.

Jioni Naeem alirudi, akakuta mlima wa maganda mezani na pista mbili kwenye sahani.

"Mmeniachia mbili tu?"

"Hizo zimegoma kufunguka," mama yake akasema. "Una meno, jaribu."