Miguu Ishirini na Miwili

Ngamia akipotea Modogashe hatafutwi kwa rangi, maana rangi hata vumbi laweza kuibadilisha. Hutafutwa kwa unyayo, na Maka, mzaliwa wa huko, alijua kusoma unyayo kabla hajajua kusoma herufi. Basi wadudu weusi walipoivamia sukuma wiki ya kikundi chao cha akina mama kando ya Mto Tana, Garissa, wenzake walitazama matundu kwenye majani. Yeye alichutama akatazama miguu.

Alimweka mdudu mmoja kiganjani. Mdudu akajikunja kama pete. Maka akangoja. Alikuwa amelea watoto saba na sasa analea wajukuu sita; mdudu ndiye aliyechoka kwanza, akajinyoosha, akaanza kutembea. Maka akahesabu. Akarudia.

"Hawa si viwavi," akasema. "Kiwavi wa mahindi ana jozi tatu kifuani, nne tumboni, moja mkiani. Huyu tumboni ana saba. Miguu ishirini na miwili, walaahi."

Mulki, mwenyekiti wa kikundi, alicheka mpaka mtandio ukamvuka. "Abaayo, dada yangu, shamba linaliwa, wewe unawapimia viatu!"

Hata Ayanle, afisa wa kilimo, alitabasamu, ingawa kwa adabu. Akaleta dawa laini ya viwavi, ile isiyodhuru nyuki wala mbuzi. Wakanyunyiza mara ya kwanza. Wakanyunyiza ya pili. Wadudu wakaendelea kula kana kwamba wamenyunyiziwa marashi.

"Alhamisi tunapiga kali," Mulki akatangaza. "Ile inayoua mdudu na jina lake."

Maka aliwafikiria wa nyumbani kwake. Mbuzi wake wanne walikula majani ya chini ya sukuma hiyohiyo, na maziwa yao ndiyo waliyokunywa wajukuu. Msimu uliopita mtu wa ng'ambo ya mfereji alipiga kali. Alizika mbuzi wawili.

Lakini hakuwa amekaa bure. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa na kopo la jemu nyumbani kwake mtaa wa Iftin, lenye udongo, majani na wadudu kumi, juu amefunga kipande cha chandarua. Kila akimaliza sala ya alfajiri alikwenda kuchungulia. Aliwaona wakiingia udongoni mmoja mmoja na kujijengea vijumba vidogo vya hariri na vumbi. Alimtupia kuku mdudu mwingine. Kuku akadonoa, akatema, akapangusa mdomo chini mara tatu. Na kwenye ukingo wa mfereji aliwakuta wenzao wakila haradali mwitu. Kumbe walikuwepo siku zote, akawaza, sisi ndio tuliowapandia karamu.

Alhamisi alifika shambani akiwa na kopo chini ya mtandio. Mulki tayari alikuwa na pampu mgongoni.

"Weka chini kwanza, abaayo. Ayanle, njoo uone," Maka akasema.

Ndani ya kopo walikuwa wakirukaruka wadudu sita wenye mabawa, wa rangi ya chungwa, vichwa vyeusi.

"Kipepeo yuko wapi, ayeeyo?" Ayanle akamuuliza bibi huyo.

"Hakuna kipepeo. Kumi wameingia, sita wametoka, wote hivi."

"Kama nyigu…"

"Nyigu ana kiuno. Huyu hana, kama Mulki."

Akina mama waliangua kicheko, Mulki mwenyewe akishika mbavu. Ayanle hakucheka. Alipiga picha, akamtumia mwalimu wake wa chuo. Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri, naye akalisoma kwa sauti: ni nyigu-msumeno, nyigu asiye na kiuno, wa jamii ya Athalia. Jike ana msumeno mdogo mkiani. Hupasua ukingo wa jani na kuficha yai ndani. Dawa ya viwavi haimwezi, kwa kuwa yeye si kiwavi. Jina kamili litajulikana chini ya darubini.

"Na anauliza," Ayanle akamalizia, "ni nani aliyehesabu miguu."

Wote wakamgeukia Maka. Kisha Mulki akavua pampu. "Haya, sema. Tufanyeje?"

"Asubuhi, kungali baridi," Maka akajibu, "ukiligusa jani wanaanguka. Tuwakung'utie kwenye beseni la maji ya sabuni. Tupindue udongo, jua livikaange vijumba vyao. Na ile haradali ya mfereji tuing'oe."

"Nakupa siku nane."

Siku ya nane majani machanga yalikuwa mazima, na Mulki alikuwa akimfokea mwanachama mpya: "Naa, wewe, usiseme kiwavi! Umehesabu miguu?"

Ayanle akaja kuchukua wale sita. Akawapanga ndani ya kisanduku, akabandika kikaratasi. Maka, aliyeishia darasa la tatu, alipitisha kidole chini ya kila herufi: Mkusanyaji, Maka Warsame, Garissa.

"Ongeza Modogashe."

"Lakini ayeeyo, mdudu ametoka Garissa."

"Mdudu, ndiyo," Maka akasema. "Macho yametoka Modogashe. Andika."

Ayanle akaandika.