Kiu Ndani ya Maji

"Umeua miche halafu unanikodolea macho!" msimamizi wa kitalu alifoka, mate yakimruka. "Jana hukumwagilia!"

Mama Pacha alichomeka kidole kwenye udongo wa kiriba cha mche wa nyanya, akakitoa kimejaa tope, akamwinulia usoni. Msimamizi akatazama pembeni.

Mwenye kitalu, mzee mwenye kifua kibovu, alikuwa amekalia ndoo. "Miche elfu tatu imelala chali. Aliyeiua anaondoka leo. Sitaki maneno."

Hapo hasira ikampanda Mama Pacha mpaka masikio yakamwaka moto. Siku tatu nyuma alimwona msimamizi akimimina mbolea ya chumvichumvi mara mbili ya kipimo, miche inenepe upesi. Alipomkanya, alijibiwa, "Wewe shika ndoo, kipimo niachie mimi."

"Nipeni kiazi," alisema.

"Njaa hiyo!" msimamizi alicheka. "Mzee, masomo anayosoma jioni yamemvuruga huyu."

Kiazi kilipoletwa, Mama Pacha alikikata vipande vyembamba. Kimoja akakitia kwenye kopo la maji matupu. Kingine kwenye maji yaliyokorogwa mbolea, konzi mbili, kama alivyofanya msimamizi. Kisha akaenda kung'oa magugu, akiyang'oa kama nywele za mtu.

Jua lilipofika utosini alirudi. Alipokikunja kipande cha kwanza, kilikatika *ta!* Cha pili kilijikunja kidoleni kama kitambaa.

"Shika, Mzee. Hakuna aliyekikamua. Seli zina ngozi nyembamba, maji yanapita yenyewe, yanakwenda kwenye chumvi nyingi. Mizizi haikunywa, ilinyonywa. Miche imekaa majini ikafa kwa kiu!"

Mzee alikikunja kipande, akakikunjua, akakikunja tena. "Ulijua siku zote hizi? Mbona hukunijia?"

"Nilikuja! Ukaniambia mambo ya mbolea si ya wanawake wa ndoo."

Msimamizi alifungua mdomo. Mzee akamnyamazisha kwa kiganja, kisha akakohoa.

"Haya, niambie," Mama Pacha alisema. "Niondoke, au nioshe chumvi? Safu za nyuma bado zina uhai."

Hakungoja. Alifungulia bomba, akaburuta mpira hadi safu ya mwisho, akaanza kufurikisha viriba kimoja kimoja. Maji yalitoka chini yakiwa ya kahawia, yakatambaa njiani hadi kwenye viatu vya msimamizi. Mama Pacha aliyaona yakimzunguka. Hakumwambia asogee.