Aliyemshikia Odera Brifu

Siku ambayo wakili Frankline Odera hakurudi, joho lake jeusi lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, mahali pake pa kila siku. Ilikuwa Alhamisi. Alitoka saa nne kasorobo asubuhi, mkono mmoja mfukoni, akamwambia karani wake, Nthenya Muasya, "Nashuka hapo barabarani kidogo. Kuna mtu ana karatasi ya kunionyesha. Chai yangu ifunike kwa sahani."

Nthenya akaifunika. Saa sita akaifunua, akakuta imeota utando juu. Akaimwaga, akapika nyingine. Saa tisa akaimwaga na hiyo pia. Simu ya wakili ilikuwa imezimwa.

Mtu asiyeijua kazi hii angefikiri ameenda mahakamani. Lakini Nthenya alikuwa amefanya ukarani kwa mawakili miaka kumi na mmoja, tangu amalize kidato cha nne, na alijua kwamba wakili haendi mbele ya jaji bila joho. Huyu hakubeba hata kalamu.

Ofisi yao ilikuwa Umoja, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi na misumari. Odera alizaliwa mtaa huo huo, mtoto wa fundi wa reli. Aliposoma sheria akaondoka, akafanya kazi miaka kumi katika kampuni kubwa ya mawakili kule mjini, kwenye jengo la vioo. Kazi yake ilikuwa leseni, zabuni, na kujibu barua za wadhibiti wa serikali kwa niaba ya wenye viwanda. Kisha siku moja akarudi Umoja na vitabu vyake kwenye pikapu ya kukodi. Watu wakasema amefukuzwa.  Yeye alimwambia Nthenya peke yake, na alisema huku akipanga mafaili, kwamba alichoka kujua vile leseni inavyopatikana halafu anyamaze.

Alikuwa mtu wa mzaha. Nthenya akimtania, "Wakili, leo tai hiyo, kwani unaenda kuoa?" alikuwa akijibu, "Mimi na sheria tulioana kitambo. Celine mwenyewe anajua yeye ni bibi wa pili."

Lakini mwezi ule wa mwisho mzaha ulikuwa umepungua.

Kesi yenyewe ilihusu kiwanda kimoja ukingoni mwa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, mahali wanapoosha mapipa ya kemikali yaliyotumika ili yauzwe tena. Maji ya kuoshea yalitoka chini ya ukuta, yakafuata mtaro wazi hadi katikati ya nyumba za watu, siku nyingine ya samawati, siku nyingine hayana rangi kabisa, na hayo yasiyo na rangi ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Adongo, mama aliyeuza omena karibu na mtaro huo, ndiye aliyepanda ngazi za ofisi kwanza. Alikuja na binti yake wa miaka sita, akamwambia aonyeshe mikono. Ngozi ya viganja ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu.

Odera aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Leseni yao waliipata mwaka gani?"

Baada ya wiki tano alikuwa amepata amri ya muda. Kiwanda kisimame hadi kesi isikilizwe. Adongo alileta habari ofisini akicheka: "Nthenya wangu, ungesikia kule kwetu! Mapipa hayalii. Watoto wamelala mpaka jua likawapata kitandani." Maana kelele ya kiwanda kile ilikuwa mapipa matupu yakiviringishwa juu ya saruji tangu alfajiri, na watu wa pale walikuwa wameizoea hadi wakasahau kwamba ni kelele.

Amri ile ilikuwa na tarehe. Jumatatu, saa tatu asubuhi, kesi ingetajwa, na wakili wa walalamikaji alitakiwa aombe iendelee. Asipokuwepo mtu wa kuomba, inaanguka yenyewe. Nthenya aliliandika hilo kwa wino mwekundu kwenye shajara.

Siku mbili kabla ya Alhamisi hiyo mwanamume mmoja alikuwa amepanda ngazi. Hakuwa na karatasi yoyote, hakutaka kuketi. Aliuliza kama hapa ndipo kwa Odera. Akauliza kama wakili huwa anashuka kunywa chai nje au analetewa. Nthenya akamjibu, "Kwani wewe ndiye wa kumpikia?" Yule mtu akatabasamu vizuri tu, akashukuru, akashuka. Nthenya alipomsimulia Odera, wakili alisimama dirishani akatazama chini.  Alisema tu, "Nikiwa sipo siku yoyote, uangalie orodha kabla hujampigia mtu simu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Wakili."

Orodha hiyo ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Ilikuwa na majina ya mawakili wanaoshikiana brifu. Hii ni desturi yao ya kila siku. Wakili akiwa mgonjwa, au akiwa na kesi mbili kwa wakati mmoja, mwenzake husimama mahali pake na kumwambia jaji, "Namshikia brifu fulani," na jaji huandika. Hakuna barua wala sahihi. Ni simu moja tu, na mara nyingi wanaoipiga simu hiyo ni makarani.

Alhamisi ile jioni Celine, mke wa Odera, alipiga simu. "Nthenya, wewe na huyo mtu wako bado hamjafunga?"

"Mama Tobias, kwani hajafika?"

 Nyuma ya Celine, Nthenya alisikia mtoto wao, Tobias, akisoma hesabu kwa sauti. "Usiniambie hivyo," Celine akasema. "Niambie ako hapo anaandika."

Ijumaa asubuhi walienda kituo cha polisi pamoja. Wakaandikiwa namba ya ripoti kwenye kipande cha karatasi. Askari aliwaambia wanaume wa Nairobi hupotea wikendi na kurudi Jumatatu. "Hii si wikendi," Celine akamwambia. "Alipotea Alhamisi akiwa kazini." Askari akasema basi amewahi mapema. 

Wakiwa nje, Celine aliushika mkono wa Nthenya. "Hiyo kesi ya Jumatatu. Usiiache ianguke. Akirudi akute iko."

Nthenya aliahidi. Alirudi ofisini na hakuketi. Alikuwa hajalala, kichwa kinamzunguka, na jina moja tu ndilo lililomjia: Ndete. Wakili Ndete na Odera waliingia kampuni ile ya mjini mwaka mmoja. Ndete ndiye aliyesimama kando ya Odera siku ya harusi. Kila Krismasi alikuja Umoja na nyama, akamtania Celine kwamba samaki wake wana miiba mingi kuliko sheria za ushuru. Alikuwa amewashikia brifu labda mara ishirini. Namba yake Nthenya aliijua kwa moyo. Hakufungua kabati.

"Wakili Ndete, ni Nthenya wa Odera."

"Nthenya! Wĩmũseo?" Alipenda kumsalimia Kikamba.

"Nĩmũseo, Wakili. Nina ombi. Jumatatu saa tatu, ile ya mapipa. Unaweza kutushikia brifu?"

"Hakuna shida. Nitumie kiungo cha mahakama ya mtandaoni."

"Nikutumie na faili?"

"La, usijisumbue. Jumatatu basi."

Akakata. Nthenya aliweka simu chini akahisi mabega yanashuka. Usiku wa Jumapili, akipiga pasi sare za watoto wake, ndipo jambo fulani lilipoanza kumkereketa, dogo kama mchanga kwenye wali. Mtu anayeshika brifu huuliza maswali mawili. Maagizo ni yapi? Na mwenyewe yuko wapi? Ndete hakuuliza hata moja.

Alijiambia ni mazoea. Akaendelea na pasi.

Jumatatu Adongo alifika ofisini saa mbili na nusu, amevaa kitambaa cha kanisani. Kesi za kutajwa siku hizi husikilizwa mtandaoni, kwa hiyo waliketi wawili mbele ya kompyuta ya Odera, Adongo kwenye kiti cha wateja, Nthenya amesimama. Hakutaka kukalia kiti cha wakili. Nyuso zikajitokeza kwenye vijisanduku. Chini ya uso mmoja pakaandikwa: Ndete, kwa niaba ya Odera.

"Huyo ndiye wetu?" Adongo akauliza.

"Ndiye."

"Amenyoa vizuri."

Kesi ikaitwa. Ndete akajitambulisha, akasema anamshikia brifu Bwana Odera kwa upande wa walalamikaji. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyepata kiamshakinywa. Jaji akamuuliza anaomba nini.

"Mheshimiwa, tumezungumza na wenzetu wa upande wa kiwanda. Tumekubaliana amri ya muda iondolewe. Na walalamikaji wanaiondoa kesi yao."

Wakili wa kiwanda akasema, "Ni hivyo, Mheshimiwa." Hakuonekana kushangaa.

"Amesema nini?" Adongo akauliza. "Nthenya, amesema nini huyo?"

Nthenya alikuwa tayari amebonyeza maikrofoni. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kusema neno mbele ya jaji. "Mheshimiwa, samahani. Hayo si maagizo yetu."

Jaji akauliza, "Nani anazungumza?"

"Naitwa Nthenya Muasya. Karani wa wakili Odera. Mheshimiwa, wakili hajulikani aliko tangu Alhamisi. Tumeripoti polisi. Hajakubaliana na mtu."

Ndete hakubadilika uso. "Mheshimiwa, huyo ni karani, hana ruhusa ya kuhutubia mahakama. Namwelewa, ana wasiwasi. Lakini brifu hii nilipewa na ofisi hiyo hiyo, Ijumaa. Na aliyenipigia simu ni yeye."

Jaji akauliza, bila ukali, "Ni kweli, mama? Ulimpigia wewe?"

"Ndiyo, lakini sikumwambia—"

"Mwenye malalamiko alete ombi kupitia wakili. Makubaliano yameandikwa."

Mtu wa mahakama akamzima sauti. Nthenya aliendelea kusema, akaona alama ndogo nyekundu iliyokatwa mstari, akajua hakuna anayemsikia isipokuwa Adongo. Kisha kesi nyingine ikaitwa, na uso wa Ndete ukatoka kwenye skrini.

Adongo alikunja kitambaa chake, akakiweka kwenye mkoba. Alichukua muda kuufunga. "Kwa hiyo," akasema polepole, "ni wewe uliyemtuma."

 Adongo aliposhuka ngazi, Nthenya alifungua kabati. Majina yalikuwa tisa, kwa mwandiko wa Odera. La nne, la Ndete, lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, mara mbili, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Pembeni aliandika tarehe. Ilikuwa Jumanne, siku ile yule mwanamume asiye na karatasi alipopanda ngazi.

Alikaa chini sakafuni, kabati likiwa wazi, hadi mwenye duka la rangi akaja kuuliza kama kuna mtu ndani.

Nthenya amezunguka na faili la kesi hiyo kwa mawakili watatu. Wa kwanza alilisoma akalirudisha na pole. Wa pili alimweleza ukweli: makubaliano yaliyoandikwa mahakamani hubatilishwa ikionyeshwa kwamba wakili mwenye kesi hakuyaridhia, na mtu pekee anayeweza kuapa kwamba hakumpa Ndete maagizo hayo ni Odera mwenyewe. "Mlete aape," akasema, halafu akaona aibu kwa alichosema. Wa tatu hakulifungua.

Nthenya alimpigia Ndete mara moja tu. Ndete alipokea, akasikiliza, akamwambia kwa upole, "Nthenya, una watoto. Funga hiyo ofisi upumzike." Kisha akamuuliza faili halisi liko wapi. Nthenya akakata. Siku hiyo hiyo alilihamisha hadi kwa dada yake, mtaa wa Ziwani, akalifunga ndani ya mfuko wa unga.

Celine hajaweka msiba. Wazee wa nyumbani walituma watu kuuliza, akawaambia hawezi kuwaita watu waje kulia mbele ya kiti kitupu. Tobias ameacha kusoma kwa sauti.

Ofisi bado iko. Nthenya huifungua saa mbili, hupangusa meza, hupangusa na joho kwa kitambaa kikavu kwenye mabega mahali vumbi linapokaa. Wateja wanapungua. Yule mwanamume asiye na karatasi hajarudi, ingawa gari moja jeupe hukaa mkabala na duka la rangi siku za Jumanne na Alhamisi, injini ikinguruma.

Adongo haji tena. Aliwahi kutuma ujumbe mmoja wa sauti, bila salamu. Hakusema chochote ndani yake. Alikuwa ameinua tu simu kuelekea ukuta wa kiwanda, na Nthenya akasikia.

Mapipa huanza kuviringishwa saa kumi na mbili asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili.