Picha ya Kusimama

Si kila tumbo linalouma hupigwa picha. Hilo nililijua mapema nilipotoka masomoni Makerere na kupangiwa kazi hospitali ya Kitete, mwaka 1955. Tumbo la kuhara halihitaji eksirei, wala la minyoo. Lakini Mzee Raymundi aliposhushwa kwenye treni akitoka Tura, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma iliyoanikwa juani, sikusita.

"Shikamoo, mzee. Choo unapata?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu Jumapili sijapata choo wala upepo," akajibu taratibu, kana kwamba ananipa habari za mvua.

Bintiye, Tekla, akanivuta pembeni. "Daktari, mtampasua? Baba amedhoofika mno. Akipasuliwa leo hataamka."

Sikuweza kumdanganya. Daktari mkuu alikuwa amekwisha kuniambia: kama utumbo umejisokota tu, tutajaribu kuufungua kwa mrija wa mpira unaopitishwa nyuma, bila kisu. Kama umetoboka, ni kisu, na saa hiyo hiyo.

"Picha itatuambia," nikamjibu.

Mussa, mpiga picha wetu, alimpiga ya kwanza akiwa amelala. Nikaiinua dirishani. Penye hewa huwa peusi, penye mfupa huwa peupe. Katikati ya tumbo la mzee palikuwa na kitu cheusi kikubwa, kimejipinda kama mpira wa ndani wa baiskeli uliokunjwa mara mbili, ncha zake zote zikielekea nyonga ya kushoto. Utumbo mpana umejisokota! Nilifurahi kuutambua, kisha nikaona haya, maana Tekla alikuwa ananitazama usoni.

Lakini umetoboka? Picha ile haikuweza kujibu. Hewa ikivuja nje ya utumbo, mgonjwa akiwa amesimama, hupanda juu kama moshi darini. Akiwa amelala hutawanyika, na ni rahisi kuikosa. Ilibidi mzee asimame kifua wazi mbele ya ubao wa picha.

Akakataa katakata.

"Mwanangu, nilisimamishwa hivi hivi wakati wa vita ya Mjerumani. Kifua wazi, mbele ya ubao, Mzungu ananikagua. Kesho yake nina sanduku la risasi kichwani, naelekea kusikojulikana. Sisimami."

"Mzee, vita vimekwisha zamani."

"Hata wakati ule walisema vinakaribia kwisha."

Nikamsihi. Tekla akamsihi kwa Kinyamwezi. Mzee akafumba macho. Ndipo Mussa akajongea. Yeye alikuwa Mzaramo, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, tangu misafara ya Wanyamwezi ya pembe za ndovu ilipopita nchini kwa Wazaramo ikienda pwani. Mtani hakasirikiwi.

"Mwacheni alale," akasema. "Akifa nitajilaza kaburini mwake, na sitoki mpaka wanawe wanipe jogoo wawili. Ajabu tu! Babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi Bagamoyo. Huyu kushindwa kubeba tumbo lake mwenyewe kutoka kitandani hadi ubaoni!"

Mzee akafumbua jicho moja. "Nani huyo?"

"Mtani wako wa Kisarawe."

"Mla hongo wewe! Babu zangu wakitembea, babu zako wamekaa njiani wanasubiri walipwe vitambaa ndipo wawape njia! Tekla, nishike. Nisimamishe nimtazame vizuri mwizi huyu."

Akasimama, anatetemeka, Tekla kamshika kiuno, matusi ya utani yanamtoka mfululizo.

"Vuta pumzi, izuie!" Mussa akasema. "Matusi baadaye." Akapiga picha.

Ilipotoka kwenye dawa, ingali inachuruzika, niliiinua dirishani. Juu kushoto palikuwa na weusi.

"Umetoboka," nikanong'ona.

Daktari mkuu akasogea. "Hiyo ni hewa ya tumbo la chakula. Wewe unayo, mimi ninayo. Tazama kulia, juu ya ini."

Nikatazama kulia. Hewa iliyovuja ingekaa pale, nyembamba kama mwezi mwandamo. Palikuwa peupe tu.

"Hakuna kitu," nikasema. Nikarudia kwa sauti, ili Tekla asikie: "Hakuna kitu! Hapasuliwi leo!"

Tukamlaza ubavu. Daktari akaupaka mpira mafuta, akaupitisha nyuma polepole, polepole, akakuta kizuizi, akangoja, akasukuma kidogo. Mara ukatoka mshindo ambao nadhani hata watu wa mtaa wa Isevya waliusikia. Aproni ya daktari ikalowa, naye akabaki anatabasamu kama bwana harusi.

"Treni ya Kigoma imeingia!" Mussa akapiga kelele mlangoni.

Mzee Raymundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kila alipocheka tumbo lilizidi kushuka. Tekla akakaa sakafuni akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Baadaye nilimpelekea mzee picha yake. Naamini mwenye tumbo ana haki ya kuliona. Akaufuata ule mpindo kwa kidole.

"Na unaweza kujisokota tena?"

"Unaweza, mzee. Ukipata nguvu, afadhali tuje tukate kipande hicho. Lakini uamuzi ni wako."

Tekla aliposikia neno kukata, akainama, amenuna. Mzee akanirudishia picha.

"Nikishavuna karanga nitarudi mwenyewe," akasema. "Nimekwisha kumwona adui yangu. Tekla, acha kununa, mama. Uji uko wapi?"