Kifutio cha Mama Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ndani ya kompyuta yangu, mchana kweupe, vumbi limenifika vifundoni.

Sikushangaa. Kompyuta hiyo ilikuwa imenisumbua wiki nzima. Ina gemu la kilimo ambalo marehemu mke wangu, Mama Tatu, alilipenda kuliko tamthilia. Humo alilima shamba la alizeti, akajenga nyumba na geti la bluu. Ana miaka mitatu kaburini na alizeti yake haijavunwa. Wiki hii nilijikaza nikaingia nivune. Trekta likifika kwenye kona ya geti, kioo kinakuwa cheusi, halafu yanakuja maandishi: "Draiva ya picha imeacha kuitikia." Draiva ni ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachochora vya kwenye kioo. Nilijaribu mara tisa, na mara tisa nikaishia kuliona geti kwa mbali. Fundi Kijanga wa mjini Singida akasema niipeleke Jumatatu aifute yote, aanze upya. Hapo shamba nalo litakwenda.

Basi nimo ndani. Feni inazunguka taratibu, na kila uso wake ukinipitia inasema neno moja.

"Za," inasema. Inazunguka. "Siku." Inazunguka. "Baba." Inazunguka. "Tatu."

"Nzuri. Nani mgonjwa humu?"

Kadi ya picha imekaa kwenye kigoda, imejifunika khanga, inatetemeka. Naigusa paji la uso. Moto.

"Malaria?"

"Vumbi," inasema. "Na huyu hapa."

Pembeni yake amesimama mtu mwenye suti mpya, lebo bado inaning'inia kwenye mkono. Namsalimia. Kimya. Nampungia mkono mbele ya macho. Kimya. Baada ya muda anashtuka.

"Nimerejea," anasema.

"Ulikuwa wapi?"

"Sijui. Mimi huacha kuitikia, kisha hurejea."

"Ndiye draiva mpya," kadi inaniambia. "Wa nne tangu Pasaka. Kila ukiandikiwa 'sasisha', wewe unabonyeza ndiyo. Huyu amesomea kadi za juzijuzi. Mimi hata jina langu halijui."

"Iliandikwa kwa herufi kubwa," nasema. "Nilidhani ni serikali."

Kadi inafumba macho. "Nirudishie yule wa zamani. Ila sina nguvu ya kukuchorea kila kitu njiani. Punguza vivuli."

Navua kivuli changu, nakikunja kama shuka, nampa yule wa suti akishike.

"Punguza majani."

Tuko barabarani, sijui tumetoka saa ngapi. Majani yanazama ardhini.

"Punguza vya mbali."

Milima ya mawe ya Singida inaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wageni wanaoaga. Kinachobaki ni dawati.

Niko darasa la tano, pale dirishani, na miaka yangu hamsini na miwili. Magoti hayaingii. Mbele ya ubao amesimama draiva wa zamani, kaunda suti yake imepauka mabegani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," anajibu papo hapo, na moyo wangu unatulia. "Uliondoka hapa kwenda kuchunga ng'ombe wa baba yako. Hukuaga. Na kuna kitu umekiacha."

Natia mkono ndani ya dawati. Kipo. Nusu ya kifutio chekundu, chenye tundu la kupitishia uzi. Tulivivaa shingoni visiibwe. Hiki alikikata katikati kwa wembe Perpetua, niliyekaa naye dawati moja, siku nilipotoboa daftari kwa kufuta na mate. Alinipa nusu kubwa, yenye alama za meno yake. Perpetua huyo ndiye niliyekuja kumwoa, ndiye Mama Tatu. Aliwahi kuniuliza ile nusu iko wapi. Nilimwambia ipo kwenye sanduku.

"Kadi ikichomolewa husuguliwa meno kwa kifutio," anasema mwalimu. "Kijanga hakukwambia?"

"Kijanga ana haraka."

Naipakata kadi. Meno yake ni ya dhahabu, yamejipanga mstari mmoja, yamefubaa. Nayasugua. Kadi inacheka.

"Unanitekenya wewe!"

"Tulia."

Makombo yanadondoka. Joto linashuka. Draiva wa zamani anavua viatu na kuketi mahali pake. Yule wa suti kaacha kuitikia tena, na feni inampeperusha hivyo hivyo, kivuli changu kikiwa kwapani mwake.

Naifikia kona. Kioo hakiwi cheusi. Geti la bluu liko wazi, na Mama Tatu amekaa juu ya trekta.

"Umechelewa, Baba Tatu. Alizeti imeinama mpaka shingo zinauma."

"Draiva alikuwa..."

"Nimesikia. Kila kitu wewe unabonyeza ndiyo bila kusoma. Hata mimi ulinioa hivyo hivyo."

"Wewe nilikusoma tangu darasa la kwanza."

Anacheka. Lile pengo lake lipo. Kisha ananitazama chini. "Mbona huna kivuli? Umekaa kama picha ya kitambulisho."

"Nilikipunguza."

"Panda basi, utumie changu."

Nakiweka kifutio kiganjani mwake. Anaziangalia zile alama za meno yake kwa muda mrefu.

"Ulisema kipo kwenye sanduku."

"Niliongopa."

"Nilijua. Nilifungua sanduku."

Tunavuna. Anaendesha yeye, kwa sababu mimi siaminiki na mistari. Ule wa kwenye uzio anauacha, anasema ni wa ndege. Tunafika mwisho wa shamba, injini inazima, na mimi nina neno nataka kumwambia.

"Mama Tatu."

Haitikii. Nangoja, kama nilivyomngoja yule wa suti.

"Mama Tatu?"

Nangoja arejee.

Niliamka kumekucha. Kompyuta ilikuwa mezani, kifuniko kimebanwa kwa skrubu zake nne, mbili zina kutu. Nilichukua bisibisi nikaifungua. Vumbi lilikuwa lile lile. Niliichomoa kadi. Meno yake yalikuwa yanang'aa, na chini pale ilipokaa kulikuwa na makombo ya kifutio, mekundu. Nyumba hii haijawa na kifutio tangu Tatu amalize shule.

Nilimpigia Kijanga.

"Fundi, Jumatatu siji."

"Imepona?"

"Sijaiwasha."

"Sasa umejuaje, mzee?"

Nilikata simu. Kisha niliinama nikaanza kupuliza vumbi, kidogo kidogo, nikiyazunguka yale makombo.